Sigara ya Marehemu

Baba mdogo alimnyooshea Man-sik sigara mbele ya kaburi la baba yake, ukoo mzima ukiwatazama.

Pombe ilikuwa imeshamiminwa kwenye nyasi za kaburi, na mikate ya mchele imepangwa. Ilibaki sigara tu. Kila sikukuu ya mavuno mwana wa kwanza huiwasha, huivuta mara moja ikolee moto, kisha humwekea baba yake juu ya jiwe la kaburi.

"Nimeacha," alisema Man-sik. "Leo siku ya arobaini na moja. Jumatatu napuliza kipimo cha moshi kule kliniki ya kuacha sigara."

"Vuta mara moja tu. Kwani muuguzi atakunusa mpaka huku mlimani?"

Binamu zake wakacheka.

"Mashine itaninusa."

"Yaani unamnyima mzee moshi wake kwa ajili ya mashine."

Man-sik akaipokea sigara kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Harufu yake ikamjaza mate kinywani. Akaukumbuka mdomo wa baba yake hospitalini, chini ya bomba la hewa, ukiomba sigara.

Akaivunja katikati.

Kisha akatoa mfukoni plasta ya nikotini aliyopewa kliniki, ile ya kubandika mkononi kukata hamu ya sigara, akabandua karatasi yake taratibu. Akapangusa umande kwenye jiwe, akaibandika chini ya jina la baba yake, akaikandamiza kwa kiganja ishike.

"Wewe," baba mdogo alinong'ona, "umerukwa na akili?"

"Tunaacha wote wawili," alisema Man-sik, kiganja kikiwa bado juu ya jiwe. "Yeye anaanza leo."