Mfuniko wa Pipa

Mama Chiku alirudi kutoka hospitali na mwanawe mgongoni, barakoa imeshuka kidevuni.

"Si korona, ni homa ya dengi. Eti mbu wake wanazaliwa kwenye maji yaliyoachwa wazi."

"Pole, jirani," alisema Tabia.

"Ila pipa lako la kunawia limetuokoa na korona. Ulivyokuwa unatufokea tunawe, kama askari wa magereza!"

Tabia hakucheka. Mfuniko wa lile pipa la mlangoni aliuondoa mwenyewe, watu wasije wakaushika mmoja baada ya mwingine. Sasa viluwiluwi vya mbu vilijaa majini.

Mama Chiku akanyoosha mkono achukue kata, achote maji anawe.

"Acha, nitakumiminia," alisema Tabia, akajiweka kati yake na pipa.

Mtoto aliinua kichwa, akachungulia ndani ya pipa, akanyoosha kidole.