Alichokiogopa Mama Sala

Kijiti cha kioo kilizama nusu kwenye chombo cha mwalimu, na ile nusu iliyozama ikatoweka.

Mama Sala akapiga yowe.

Darasa zima likamgeukia. Walikuwa watu wazima kumi na wanne, wamebanana kwenye madawati ya watoto, wengi wao wametoka kazini na uchovu wao. Wakaangua kicheko.

"Tulia, dada," kinyozi alisema kutoka nyuma. "Mwalimu hajaanza uganga. Akianza, mimi ndiye wa kwanza kutokea dirishani."

"Mwacheni, huyo ni mtu wa dua," alisema msukuma machela, aliyekaa naye dawati moja. Akamshika bega. "Dada, mbona unatetemeka hivi?"

Mama Sala akamgeukia mwalimu. "Mambo mengine Mungu ameyaficha, mwanangu. Tuyaache. Tufanye hesabu."

Mwalimu, binti mdogo kuliko wanafunzi wake wote, alitabasamu. "Hakuna uchawi hapa, mama. Kioo hakina rangi. Tunakiona kwa sababu mwanga ukiingia ndani yake hupinda, na ukitoka hupinda tena. Jicho hushika pale ulipopinda. Lakini kimiminika hiki na kioo hiki vinapinda mwanga sawasawa, basi mwanga unapita tu, hata haujui kwamba umevuka mpaka. Jicho halina pa kushika."

"Kioo chochote?" msukuma machela aliuliza.

"Cha dirisha kitaonekana kidogo, kama kivuli. Hiki cha maabara, kisichopasuka motoni, hupotea kabisa."

"Na mtu, je?" kinyozi akadakia. "Anaweza kupotea hivyo?"

"Mtu ni mifupa, maji, damu, kila kimoja kinapinda mwanga kivyake. Na hata angeweza, mwanga ungempita machoni bila kutua. Asiyeonekana naye asingeona kitu."

"Basi mke wangu atanikamata tu!"

Wakacheka tena, isipokuwa wawili. Mama Sala alikuwa amefumba macho, midomo ikimchezacheza. Na msukuma machela alikuwa akikitazama kile kijiti kama mtu anayekionea wivu.

Alikuwa na sababu ya kutamani kutoweka. Wiki mbili nyuma, katika hospitali ambayo yeye alisukuma machela na Mama Sala alipiga deki, kifaa cha maabara kilipotea: mrija wa kioo uliosokotwa kama springi, si mrefu kuliko kiganja, lakini thamani yake ilizidi mshahara wake wa mwaka mzima. Yeye ndiye aliyeonekana mwisho mlangoni. Nyumba za wafanyakazi wote zilipekuliwa, magodoro yakageuzwa, unga ukachekechwa, chupa za jikoni zikamulikwa tochi. Mrija haukupatikana. Akasimamishwa kazi, na keshokutwa, Ijumaa, kikao kingeamua kama afukuzwe na kukabidhiwa polisi.

Watu walianza kumkwepa kama ana upele. Mama Sala peke yake hakumkwepa. Alimwombea kila jioni, kwa jina, kwa sauti. Zaidi ya hayo, tangu siku ile hakuonja cha kukaanga. Jikoni kwake kila kitu kilichemshwa tu. Majirani walisema amejifunga nadhiri kwa ajili ya mwenzake, naye hakuwakanusha.

"Haya, nani atabashiri?" Mwalimu aliinua kile chombo. "Hiki ni kimiminika gani?"

"Usituambie!" Mama Sala alisimama ghafla, dawati likalia.

"Spiriti?" mtu alisema. "Maji ya chumvi?"

"Mafuta ya kupikia. Kila mmoja wenu anayo nyumbani."

Mama Sala alikusanya daftari lake. Penseli ilianguka, hakuiokota. Alitoka bila kuaga, na msukuma machela akaiokota ile penseli na kumfuata mbio.

"Dada, siku zote hizi umenibeba wewe," alimwambia njiani. "Leo niache nikubebe mimi."

"Nenda kwa wanao."

"Nitakwenda nikikuona umetulia."

Mlangoni, ufunguo ulimkatalia Mama Sala kuingia kwenye kitasa. Msukuma machela akauchukua taratibu na kumfungulia. Kilikuwa chumba kimoja safi: kitanda, meza, rafu ya vyombo, na dirisha lililobakiza mwanga kidogo wa jioni.

"Nimefika," alisema Mama Sala. "Mungu akubariki. Nenda."

"Na hofu hii utalalaje? Hata mimi nilishtuka, sikufichi. Ngoja nikuonyeshe kwa mafuta yako mwenyewe, uone ni kitu cha kawaida."

"Hapana."

"Dakika moja tu, dada."

"Nimesema hapana! Toka nyumbani kwangu!"

Alicheka kwa upole, kama anavyochekwa mtoto anayeogopa sindano. Aliweka bakuli mezani na glasi kando yake. Kisha akateremsha kutoka kwenye rafu chupa kubwa yenye mdomo mpana, imejaa hadi shingoni, kifuniko kimeshika vumbi. Akaiinua dirishani.

"Tazama yalivyo masafi! Naona hadi ukuta wa jirani."

Mama Sala alipiga magoti na kuanza kusali. Safari hii hakumtaja yeye.

Msukuma machela aliinamisha chupa. Mafuta yakatiririka kimya kwenye bakuli, maangavu, hayana hata chembe, kisha kitu ambacho hakikuwepo kikateleza ndani ya chupa na kugonga mdomo wake: ti.