Unga wa Makapi

Mizani haikutikisika. Gramu kumi kabla, gramu kumi baada.

Lorine alifunga mtungi wa gesi, akaketi juu ya kreti ya soda. Miezi minane amehangaika katika maabara hii ya Homa Bay, akichoma makapi ya mpunga kutoka Nyatike na kuyatoa unga mweupe wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, kisha akiupaka kemikali ili unywe hewa ya kaboni, ile inayotoka kwenye pumzi na moto. Hewa hiyo ndiyo iliyomuua kaka yake Willis ndani ya shimo la dhahabu kule Macalder. Mdogo wao, Levi, aliahidi hatashuka mpaka dada apate unga wa kutangulia shimoni na kuisafisha hewa.

Na kusema kweli, mara ya kwanza unga ulikunywa, mizani ikapanda. Kilichomsumbua Lorine kilikuwa unyevu wa ziwa tu. Alimlalamikia hata Mzee Bichage, mlinzi, mtu wa Kegonga ambaye chai yake haikosekani pale langoni.

"Unga huu ni kama tumbo, mzee. Ukishiba, hauongezi. Sasa huu unyevu wa usiku unaniharibia vipimo."

"Pole, madam. Tutaangalia."

Tangu wiki hiyo, hata chembe. Kila alasiri aliukausha kwenye oveni, akauacha mezani, akaenda zake. Kila asubuhi aliupulizia gesi, akapima, ikawa patupu. Kemikali alibadilisha mara sita.

Leo alichoka hoi. Unga wote akaumwaga chooni, akampigia Levi.

"Umekataa, ndugu yangu."

"Sawa, sista. Umejaribu. Basi mimi nashuka sasa hivi. Hawa watoto watakula nini? Simu naiacha juu."

Mzee Bichage alimkuta akifunga mkoba, macho mekundu.

"Madam, mbona meza iko tupu? Au leo umeubeba mwenyewe?"

"Kuubeba wapi, mzee?"

"Si kule kwangu. Tangu siku ile ulipolalamika, ukishatoka nauchukua kibandani, nafunga mlango na dirisha, nauweka kando ya jiko la makaa hadi alfajiri, ndipo naurudisha mezani." Mzee alitabasamu. "Unyevu haujaugusa hata siku moja."