Maji ya Kumwoshea Zuhura

Bi Salha, mwosha maiti, alikuwa keshakunja mikono ya kanzu, yu tayari kuanza upande wa kuume, pale Bi Mwanasiti alipoiinua kata ya maji asiimimine. Juu ya kitanda cha kuoshea alilazwa mjukuu wa Bi Mwanasiti, Zuhura, mtoto aliyeuawa na wezi waliokuja kuiba redio.

"Mimina, dada."

"Simimini mpaka unijibu. Mungu aliwaona wakiingia?"

"Aliwaona."

"Na kuwazuia aliweza?"

"Aliweza."

"Ehe!"

Nje mwanamume alikohoa. "Akina mama, watu wamekwisha kusanyika msikitini!"

"Wangoje!" akafoka Bi Mwanasiti. "Kaburi halina miguu, halitawakimbia."

Bi Salha alikuwa na maneno aliyoyazoea, ya kwamba Mola humchukua ampendaye. Aliyasema katika nyumba nyingi, naye akiyaamini. Leo yalimfika kooni, akayaona mepesi mno mbele ya jeraha lile, akayameza.

"Sijui, dada," alisema.

"Hujui, nawe umeswali alfajiri?"

"Nimeswali. Swali hilo nimempelekea Yeye, kwa kuwa simjui mwingine wa kumwuliza. Bado hajanijibu."

Bi Mwanasiti alimkazia macho, kama mtu aliyejiandaa kudanganywa asidanganywe. Kisha akaiweka kata chini, akapandisha mkono wa gauni, akatumbukiza kiwiko ndooni, kama wapimavyo mama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Ya baridi haya," alisema. "Niongezee ya moto kidogo."