Meseji ya Mkwe

Mama Laura alipoisoma ile meseji mara ya pili, aliinuka, akajifunga kitenge, akatoka kwenda kutoa taarifa kwamba mkwe wake si mkwe wake.

Alikwenda kwa Marcellin. Pale Wamaza hakuna mwingine anayeyajua mambo ya matapeli wa simu. Alihudhuria semina ya siku mbili kule Kasongo, akarudi na kofia na cheti, na tangu hapo hakuna harusi wala msiba uliokwisha bila yeye kusimama kuwaonya watu. Isitoshe, Marcellin ndiye aliyekuwa mshenga Laura alipoolewa. Alipeleka posa, akarudisha majibu, na hata baada ya Laura kufariki, neno lolote kati ya mama huyo na mkwe wake Gédéon, mchimba dhahabu wa Lusangi, lilipitia kwake.

Ila kwa miaka miwili hakuna neno lililopita. Gédéon hakuleta hata kipande cha sabuni kwa ajili ya binti yake Yvette, mtoto wa miaka saba anayelelewa na bibi. Shule ilishamrudisha nyumbani mara mbili. Jumatatu angepelekwa Nyangwe kwa ndugu mmoja, akasaidie kuuza samaki. Mama Laura hakuwa akipata usingizi. Mtoto huyo ndiye pekee aliyembakia, na alimpenda kupita kiasi.

"Papa Marcellin, soma," alisema.

Marcellin alivaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mama, ni mimi Gédéon. Hii ni numero ya mupya. Vitu ya Yvette umepata? Unijibu leo. Hii mesaji usionyeshe mutu."

Alitikisa kichwa polepole.

"Numero ya mupya, moja. Haraka, mbili. Usionyeshe mutu, tatu. Kwa semina walitufundisha, zikifika tatu, huyo ni mwizi."

"Lakini jina ya mutoto analijua."

"Majina wanaokota kwa Facebook, mama. Ungemujibu, angesema vitu viko njiani, utume kwanza franga ya kuvitoa."

Njiani Mama Laura alikuwa ametamani kidogo iwe kweli, na sasa aliona haya.

"Hata mimi nilijua," alisema. "Gédéon hawezi kuniandikia mimi."

Hapo hapakuwa na ubishi. Mkwe hasemi na mama mkwe wake. Miaka yote ya ndoa, Gédéon hakuwahi kumtamkia hata salamu. Akimwona anakuja aliacha njia, akaingia kwenye mihogo, mvua inyeshe isinyeshe. Siku ya kumzika Laura alilia nyuma ya nyumba ili wasionane uso kwa uso. Mtu wa namna hiyo haamki tu siku moja akaandika "Mama, ni mimi". Tapeli alijifunza majina yote, adabu ya watu wa hapa ikampita.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ileile. Mama Laura akanyoosha mkono.

"Usipokee," alisema Marcellin, akaikata. "Wakikushika kwa sauti, umekwisha."

Aliifungia namba hiyo isiweze tena kupiga wala kuandika, akaifuta meseji, kisha akapigia huduma ya kampuni ya simu na kuripoti kila kitu: jina la kuiba, haraka ya uongo, mtoto yatima kufanywa chambo. Alieleza vizuri sana. Mama Laura alisikiliza kwa fahari, maana aliyemtambua mwizi kwanza ni yeye.

"Aksanti, papa. Na kama Gédéon wa kweli anakumbuka mutoto wake?"

"Atapitia kwangu," alisema Marcellin. "Apitie wapi kwingine?"

Alimsindikiza mpaka barabarani, kama inavyompasa mama wa heshima, akasimama hapo mpaka alipopotelea kwenye kona ya kanisa. Kisha akarudi ndani, akatoa simu yake mwenyewe na kuiandikia ile namba mpya, aliyokuwa ameikariri:

"Gédéon, mama amekasirika, umemuvunjia heshima kumuandikia. Viatu, daftari, muchele, vyote vilifika, anashukuru. Yvette anasoma muzuri. Mwaka huu anaomba godoro."