Sauti ya Kwanza Sikioni

Siku hizi kujifungua katika hospitali ya serikali ni bure, ila sauti ya kwanza katika sikio la mtoto huwa ya mfadhili wa wodi. Hospitali za binafsi huwaachia wazazi sikio hilo, kwa thamani ya nyumba. Nilitaka kuiuza yangu, binti yangu Mwanaidi akakataa.

"Baba, huyo mjukuu utamlaza juu ya adhana?"

Alijifungua Ijumaa, serikalini. Nilikuwa nimeshatia udhu, mkunga akanizuia mlangoni.

"Hongera, babu. Ni wa kike, na ameshasikilizishwa."

"Nami nimekuja kumwadhinia."

"Utamwadhinia nyumbani, babu. Adhana haichachi."

Nyumbani nilimpakata, nikaadhini polepole katika sikio lake la kulia. Alilia tangu takbiri ya kwanza hata nikamaliza. Mwanaidi akamchukua, akamwimbia wimbo wa sabuni ya yule mfadhili, naye akanyamaza papo hapo.

"Jifunze nawe, baba," alisema bila kuniangalia. "Mwezi ujao narudi kazini."

Nikajifunza. Ni beti mbili tu, na vina vyake havina kasoro.