Kikombe Kimoja kwa Kila Mti

Nilichimba mbele ya kamati ya parokia ili kuthibitisha kwamba Mama Prudence alikuwa akiuza maji ya kumwagilia miti.

Miparachichi ishirini ilikuwa imenyauka. Mimi ndiye agronomu, mtaalamu wa kilimo, niliyeipanda. Mama Prudence alikuwa amekimbia vita huko Djugu, na kazi ya kumwagilia ndiyo iliyolisha wanawe. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeomba afukuzwe.

Niliondoa majani makavu chini ya mti mmoja, nikapiga jembe. Sentimita tatu za juu zilikuwa nyeusi, zimelowa. Chini yake palikuwa na vumbi jekundu tupu. Mizizi ilikuwa imepinda kuelekea juu, ikitafuta maji ambayo hayakuwahi kushuka.

Basi alimwagilia kila siku, kikombe kimoja kwenye shina, kama nilivyoandika kwenye karatasi yangu ya maagizo.

Alichutama kando yangu. "Nilikuambiaka, agronomu," alisema kwa sauti ndogo. "Siye tunamwangaka bidoni muzima ya maji mara moja kwa juma, polepole, mbali na shina. Weye ukasema: mama, ni mimi nilisoma."

Niliingiza kidole ndani ya vumbi hadi kiungo cha pili, ingawa jibu nilikuwa nalo. Hakikulowa hata ncha.

Wanakamati walikuwa wamebaki kivulini, barazani. Kutoka pale hawakuweza kuona ndani ya shimo.

"Agronomu, namna gani?" mwenyekiti aliita. "Arudishe funguo ya robine ya maji, aende?"

Mama Prudence alinitazama, akingoja.

Nilianza kurudisha udongo shimoni kabla hawajaja kuchungulia.